Kifungulio cha Friwili: Jina Moja kwa Zana Nyingi

Mfasiri wa vitabu vya ufundi hugundua upesi kwamba maneno yanayomtoa jasho si yale makubwa ya nadharia. Hayo aghalabu yamekwisha kujadiliwa katika vikao vya istilahi na kuorodheshwa. Yanayomsumbua ni majina ya vitu vidogo vidogo ambavyo fundi huvishika kila siku bila haja ya kuvitaja, kwa kuwa anayetaka zana kwa mwenzake humwonyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole. Kitabu kina neno tu, na neno likipungua kazi huharibika.

Katika makala haya tutaichunguza zana moja ya fundi baiskeli, yaani ile itumikayo kuifungua friwili kutoka katika gurudumu la nyuma. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, baiskeli ni chombo kinachojulikana mjini na kijijini, na sehemu zake nyingi zimekwisha kupata majina yasiyo na ubishi: usukani, gurudumu, mnyororo, spoki, pedeli, breki, fremu. Pili, zana hii inaonyesha kwa uwazi jinsi istilahi isiyokamilika inavyoweza kumfanya msomaji avunje kitu ambacho kitabu kilikusudia kumfundisha kukitengeneza.

1. Friwili na kazi yake

Friwili ni sehemu ya gurudumu la nyuma inayobeba meno ya kushika mnyororo, na inayomwezesha mpanda baiskeli kuacha kupiga pedeli huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Ina sehemu kuu mbili. Sehemu ya ndani tutaiita kiini, na sehemu ya nje tutaiita ganda. Kiini kina hesi kwa ndani, nacho hukazwa juu ya hesi iliyochongwa kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi wengi hukiita habu. Ganda ndilo lenye meno ya mnyororo. Baina ya kiini na ganda mna gololi ndogo nyingi, pamoja na ndimi za chuma zinazosukumwa na springi. Mpanda baiskeli akipiga pedeli kwenda mbele, ndimi hizo hulishika ganda kwa ndani, na nguvu ya miguu hufika kwenye gurudumu. Akiacha kupiga, ndimi huteleza, na hapo ndipo husikika ule mlio mwembamba ambao kila mtoto wa kijijini anaujua.

Hesi ya friwili hukaza kwa kufuata akrabu, yaani mishale, za saa, mtu anapoitazama kutoka upande wa mnyororo. Huo pia ndio mwelekeo ambao mnyororo huizungusha. Kwa hiyo, kila anapopiga pedeli, mpanda baiskeli huikaza friwili yake bila kujua. Baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa au mikungu ya ndizi kwa miaka mitatu huwa na friwili iliyokazwa na uzito wa mizigo hiyo yote na kila kilima kilichopandwa. Kuifungua kwa mkono mtupu hakuwezekani. Wala kuyashika meno yake ya nje na kuyazungusha kinyume hakufai kitu, maana ganda huzunguka bure upande huo. Ndiyo kazi liliyotengenezewa. Njia iliyobaki ni moja, nayo ni kukishika kiini chenyewe na kukizungusha kinyume cha akrabu. Kwa sababu hiyo watengenezaji huacha kwenye uso wa kiini mahali pa kuingizia zana. Umbo la mahali hapo ndilo linaloamua zana gani itumike.

2. Vitu viwili chini ya jina moja

Kabla ya kuifikia zana yenyewe, hapana budi kuondoa mchanganyiko mmoja. Katika lugha ya barabarani, rundo lolote la meno lililoko kwenye gurudumu la nyuma huitwa friwili. Lakini katika baiskeli za gia nyingi mna vitu viwili vinavyofanana sana kwa sura na visivyofanana hata kidogo kwa namna vinavyofungwa.

Cha kwanza ni friwili ya kweli, ambayo ndimi na gololi zake zimo ndani yake mwenyewe, na ambayo hutoka nzima pamoja na meno yake. Cha pili ni kaseti. Katika kaseti, ndimi zimo katika sehemu iliyoungana na kitovu, na meno ni vibao vinavyochomekwa juu yake na kuzuiwa kwa pete moja yenye hesi. Kampuni ya Shimano ya Japani, ambayo ilianza kutengeneza friwili katika miaka ya mwanzo ya 1920, ilianza kuuza vitovu vyake vya kaseti mwaka 1978, na tangu hapo kaseti zimeenea sana katika baiskeli za gia. Neno kaseti lilikwisha kuzoeleka kwa maana ya utepe wa muziki, lakini hatuoni hatari ya maana hizo mbili kugongana ndani ya kitabu cha baiskeli.

Tofauti ya vitu hivi ina matokeo kazini. Anayefungua friwili hushika kiini na kuitoa friwili nzima. Anayetoa kaseti hufungua pete tu. Tena, katika kaseti, pete ikizungushwa kinyume cha akrabu meno nayo huzunguka bure pamoja nayo, kwa hiyo yapaswa kuzuiwa kwa zana ya pili, yaani mpini wenye kipande cha mnyororo uliofungwa mwishoni. Kwa friwili zana hiyo ya pili haihitajiki. Mfasiri anayeandika friwili mahali pa kaseti humwacha msomaji akishangaa kwa nini kazi yake haianzi. Anayeandika kaseti mahali pa friwili humtuma dukani kununua zana asiyoihitaji.

Namna ya kuvitambua ni rahisi. Litoe gurudumu, utazame katikati ya meno madogo, kisha uyazungushe meno kwa nyuma. Ikiwa ile sehemu yenye mifuo au mapengo ya kuingizia zana imetulia, hiyo ni friwili. Ikiwa inazunguka pamoja na meno, hiyo ni pete ya kaseti.

3. Aina za zana na mahali zinaposhika

Zana za kufungulia friwili zina umbo la jumla linalofanana: kipande kifupi cha chuma kigumu, chenye tundu katikati la kupitisha ekseli, na chenye pande bapa za kushikwa kwa spana au jiliwa. Zinatofautiana upande mmoja tu, ule unaoingia katika friwili. Tunaweza kuzigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la friwili zenye mapengo mawili yanayoelekeana. Zana yake ina ncha mbili. Umbo hili ni la zamani, na bado linaonekana katika friwili za meno ya safu moja. Udhaifu wake ni kwamba nguvu yote hupita katika ncha mbili tu. Zana ikiinama kidogo huteleza, na ikiteleza hula kingo za mapengo, na baada ya hapo hakuna cha kushika.

Kundi la pili ni la friwili zenye mapengo manne. Zana yake ina ncha nne, na nguvu hugawanyika vizuri zaidi. Hapa msomaji asidhani kwamba idadi ya ncha inatosha. Friwili za gia za Suntour, kampuni nyingine ya Japani, zilikuwa na mapengo mawili, na baadaye zikatolewa zenye manne. Kifungulio cha aina moja hakikufaa kwa nyingine. Tena, zana ya ncha nne ya friwili ya safu moja, ambayo aghalabu huwa na kipenyo cha takriban milimita 40, ni pana mno kuingia katika friwili ya Suntour, ingawa zote huitwa za ncha nne.

Kundi la tatu ni la friwili zenye mifuo, yaani vijifereji vilivyochongwa kuzunguka tundu lote la kiini kwa ndani. Zana yake ina mbavu zinazolingana na mifuo hiyo. Friwili za Shimano za aina hii zina mifuo 12, nazo zimeigwa na watengenezaji wengi. Aina nyingine za zamani za Ulaya zina mifuo mingi zaidi na myembamba zaidi. Kundi hili ndilo lililo salama kuliko yote, kwa kuwa nguvu huenea pande zote na zana haitelezi kwa urahisi. Lakini hata hapa mna mtego. Zana ya kufungulia pete ya kaseti nayo ina mbavu 12, na tofauti ya vipenyo vya zana hizi mbili haifiki milimita moja. Jicho halioni tofauti hiyo, kipimo huiona.

Baada ya makundi hayo matatu, lazima tutaje kitu cha nne ambacho si mahali pa kufungulia friwili, ingawa kinafanana napo. Kwenye uso wa friwili nyingi mna kibao cha duara chenye matundu mawili madogo. Kibao hicho ni kifuniko. Ukikifungua, ganda hutengana na kiini, na gololi humwagika sakafuni pamoja na ndimi na springi zake. Isitoshe, hesi ya kifuniko ni ya kushoto, kwa maana kwamba hufunguka kwa kufuata akrabu na hukaza kwa kwenda kinyume. Anayekipiga kifuniko kwa tindo na nyundo kinyume cha akrabu, akidhani anaitoa friwili, hukikaza zaidi na kuyaharibu matundu.

4. Namna ya kuitumia zana

Mwenye kutaka kuifungua friwili aanze kwa kuitazama na kuisafisha, maana grisi iliyochanganyika na vumbi huweza kuziba mapengo hata yakaonekana hayapo. Kisha ahesabu mapengo au mifuo, apime kipenyo, na ajaribu zana. Zana ifaayo huzama hadi mwisho bila kulazimishwa, wala haichezi. Inayokaa juu juu si yenyewe, hata kama inaonekana kushika.

Zana ikishakaa, nati ya ekseli irudishwe juu yake na kukazwa kidogo kwa mkono, ili zana isiruke nguvu inapoingia. Hatua hii huachwa na wengi, hasa kwa friwili za mapengo mawili, na ndiyo inayoamua kama mapengo yatapona. Njia iliyo bora ni kuibana zana katika jiliwa, friwili ikielekea chini, kisha kulishika tairi kwa mikono miwili pande zote na kulizungusha gurudumu kinyume cha akrabu, kama mtu ageuzaye usukani wa gari. Mahali pasipo na jiliwa, spana kubwa yenye mpini mrefu, au iliyoongezwa urefu kwa kipande cha bomba, hufanya kazi hiyo hiyo.

Friwili ikishaachia kwa mara ya kwanza, nati ya ekseli ilegezwe mara moja, kwa sababu friwili inapotoka huisukuma zana dhidi ya nati hiyo. Wakati wa kurudisha, hesi ipakwe grisi, na friwili ianzishwe polepole kwa vidole. Hesi hii ni nyembamba: ile ya vipimo vya Kiingereza ina miduara 24 kwa kila inchi, juu ya kipenyo cha karibu milimita 35. Ile ya Kifaransa hukaribiana nayo kwa kipenyo lakini ina mduara mmoja kwa kila milimita. Friwili ya hesi moja ikilazimishwa juu ya kitovu cha hesi nyingine, kitovu huharibika kabisa.

5. Suala la jina

Sasa tuigeukie lugha. Mfasiri anayekutana na zana hii kwa mara ya kwanza hujiwa na maneno kadhaa. Ufunguo ni neno zuri, lakini limekwisha kushikwa na kufuli na mlango. Kivutio limehamia katika utalii, na hata kama tungesema kivuta, dhana ingekuwa ya uongo, kwa kuwa zana hii haivuti: mtu akiivuta friwili kwa nguvu zote haitatoka, maana imeshikwa na hesi. Kiondoa, kama katika kiondoa madoa, hutaja matokeo bila kutaja namna. Kizibuo ni la chupa. Kifungulio hubaki kuwa bora. Limeundwa kutokana na kitenzi kilichomo vinywani mwa mafundi wenyewe, na linafuata kanuni iliyozoeleka ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kukopa mbali.

Hata hivyo kitenzi chenyewe, kufungua, kina pande mbili. Fundi akisema amefungua friwili, huenda ana maana ameitoa kitovuni. Huenda pia ana maana ameipasua ili aoshe gololi zake. Karakana hutatua utata huo kwa macho. Ukurasa hauwezi. Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya ufundi, kufungua friwili litumike kwa kuitoa kitovuni tu, na kufumua friwili litumike kwa kutenganisha kiini na ganda. Tofauti hiyo ikishikwa, msomaji hatakipiga kifuniko kwa tindo, kwa kuwa atajua kwamba matundu mawili ni ya kufumulia na mapengo mawili ni ya kufungulia.

Suala jingine ni neno meno. Kwa kawaida ya Kiswahili, kinachoingia katika pengo ni jino, na ingependeza kusema kifungulio cha meno mawili. Lakini friwili tayari huhesabiwa kwa meno ya mnyororo: muuzaji akiambiwa meno 18 hutoa friwili yenye meno 18 kwa nje. Ili meno ya zana yasichanganywe na meno ya friwili, tumependelea neno ncha kwa zana inayoingia katika mapengo, na mbavu kwa zana inayoingia katika mifuo.

La mwisho ni ile zana ya kuzuilia meno ya kaseti. Lugha ya Kiingereza huiita kwa jina la mjeledi kwa sababu ya umbo lake, na wako wanaoshawishika kuandika mjeledi wa mnyororo. Msomaji wa Kiswahili akisikia mjeledi hufikiri kuchapa. Kazi ya zana hii ni kuzuia, basi na iitwe kizuio.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Friwili: sehemu ya gurudumu la nyuma yenye meno, ndimi na gololi, inayofungwa kitovuni kwa hesi.

Kiini cha friwili: sehemu ya ndani yenye hesi na yenye mapengo au mifuo ya kuingizia kifungulio.

Ganda la friwili: sehemu ya nje yenye meno ya mnyororo.

Kifuniko cha friwili: kibao cha duara chenye matundu mawili na hesi ya kushoto, kinachoshikilia ganda na kiini pamoja.

Kaseti: vibao vya meno vilivyochomekwa kwenye kitovu chenye ndimi na kushikwa kwa pete.

Pete ya kaseti: pete yenye hesi na mifuo, inayozuia kaseti isitoke.

Kifungulio cha friwili: zana ya kushika kiini cha friwili na kuifungua kitovuni. Lifuatwe daima na aina: cha ncha mbili, cha ncha nne, au cha mbavu, pamoja na idadi ya mbavu na kipenyo.

Kifungulio cha pete: zana ya mbavu ya kufungulia pete ya kaseti.

Kizuio cha mnyororo: mpini wenye kipande cha mnyororo, wa kuzuia meno ya kaseti yasizunguke.

Kufungua friwili: kuitoa friwili kitovuni.

Kufumua friwili: kutenganisha kiini na ganda.

7. Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama kuna haja ya kupambanua kiasi hiki kwa ajili ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Tuchukue mfano wa afisa ugavi anayeagiza zana kwa ajili ya karakana ya shule ya ufundi. Akiandika vifungulio vya friwili, vipande 10, ameandika Kiswahili kisicho na kasoro, na muuzaji atakuwa ametimiza agizo hata akileta vipande 10 ambavyo havitaingia katika baiskeli hata moja ya wilaya ile. Akiandika vifungulio vya friwili vya ncha nne, kipenyo milimita 40, ameandika kitu kinachoweza kukaguliwa siku ya kupokea mizigo. Maneno yaliyoongezeka ni machache. Fedha iliyookolewa ni ya umma.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kusema pengo, tundu na mfuo kwa vitu vitatu mbalimbali hufundishwa wakati huo huo kutazama kabla ya kupiga nyundo. Na mfasiri asione haya kuubeba muswada wake hadi chini ya mwembe anakokaa fundi baiskeli, akamsomea aya kwa sauti na kumwomba afanye kama ilivyoandikwa. Mkono wa fundi ukisita, hapo ndipo penye neno la kusahihishwa.